Matairi Tuliyogawana kama Nyama ya Ng'ombe

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mtanisamehe nikipotea njia kwenye kuandika, maana kwenye kuendesha gari sikupotea sana. Ilikuwa miaka ile ya sabini, tulipohamishiwa kijiji kimoja kati ya Kibondo na Kasulu, watu wa mlimani na watu wa bondeni tukachanganywa pamoja. Kijiji kilikuwa na pikapu moja na dereva mmoja, na dereva ndiye mimi. Kabla ya hapo nilichunga ng'ombe wa baba mkwe, ambaye mpaka anakufa alisema nilimpotezea ndama... lakini hilo tuliache. Ninachotaka kusema ni kwamba ufunguo wa pikapu ile niliupenda. Nililala nao shingoni, kwenye kamba ya katani. Mke wangu alikuwa akiniambia, "Endelea kuukumbatia huo. Mimi nitahamia kwa mama."

Basi msimu mmoja wa mvua nikakwama mara mbili, matairi yameshakuwa vipara. Mwenyekiti wa kijiji akaniita.

"Dereva, tutanunua matairi mapya. Ukikwama tena na maharage yetu, ufunguo tutampa mwingine."

Alisema kwa upole, kama anayeuliza habari za watoto. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuogopwa.

Wakanipa wajumbe wawili twende nao Kasulu, mmoja wa mlimani na mmoja wa bondeni, kwa sababu hakuna upande uliouamini mwenzake. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Pwani. Kiswahili chake kilinyooka mpaka sisi Waha tuliona haya kufungua mdomo. Akatutolea matairi ya aina tatu. La kwanza lilikuwa na mistari minyoofu, la barabarani hilo. La pili lilikuwa na kashata, yale meno ya mpira, nene kama matofali, la tope. La tatu kashata zake zilikuwa za kiasi, zimebanana katikati na kuachana pembeni.

"Hili ni la njia zote," akasema. "Barabarani linakwenda, shambani linakwenda, ilimradi usilipeleke ziwani."

"Kwenye tope linalishinda hilo la kashata nene?" akauliza mjumbe wa bondeni.

"Halilishindi."

"Na barabarani linalishinda la mistari?" akauliza wa mlimani.

"Nalo halilishindi, baba."

"Sasa linashinda nini?"

Mzee akavua kofia, akajikuna. "Linashinda ubishi."

Wale wawili walipatana kwa jambo moja tu siku ile, kulikataa tairi la tatu. Walisema ni kama mshenga, anakula kwa muoaji, anakula kwa wakwe, siku ya ugomvi humwoni. Kisha wakanigeukia. "Dereva, mwenye kujua ni wewe. Sema."

Ukweli ni kwamba sikujua. Nikiangalia moja naona ndilo, nikihamia jingine naona ndilo hasa, nikirudi kwa lile la kwanza nasahau kwa nini nililiacha. Nikaogopa kwamba dereva asiyejua tairi atavuliwa ufunguo pale pale dukani. Nikasema, "Yote mazuri."

Hapo ndipo tulipofanya mambo ya kwetu. Ng'ombe akichinjwa kwa koo mbili, hakuna maneno, ubavu huu wenu, ubavu ule wetu. Wajumbe wakaizunguka pikapu kana kwamba imelazwa juu ya majani ya migomba. Ubavu wa kulia wakaufunga matairi ya kashata nene, ya bondeni kwenye tope. Wa kushoto wakaufunga ya mistari, ya mlimani kwenye njia kavu.

"Ndugu zangu, gari halichinjwi!" mwenye duka akalia.

"Mzee, wewe una wake wawili," mjumbe wa mlimani akamjibu. "Kugawa sawa unakujua."

Tangu tulipotoka dukani pikapu ilivutia upande mmoja, nikawa kama mtu anayeburuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Wiki ile ile tukapakia maharage bondeni, na wajumbe wakapanda nyuma. Kwenye matete gari likateleza, ubavu wa kushoto ukaingia mtaroni. Gari lile lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Nikakanyaga mafuta. La nyuma kushoto, la mistari, likazunguka likirusha tope. La kulia lenye kashata likasimama tu kama mgeni.

"Tairi lao hilo!" akapiga kelele wa bondeni.

"La kwenu ndilo limegoma kufanya kazi!"

Mimi mkono ulikuwa shingoni, kwenye kamba.

Nikawaza kwamba ng'ombe akinasa hujivuta kwa miguu ya mbele, basi kashata zote ziende mbele. Lakini gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limezama lote. Lililofikika upande ule ni la nyuma. Nikaona afadhali nifanye chochote kuliko kusimama. Nikalibadilisha na lile la mbele kulia, na kashata zote zikaishia nyuma kwa kukosa pengine pa kwenda. Jeki nayo ikawa inazama. Mama mmoja wa jirani akatuletea mtumbwi wake wa kukamulia ndizi, tukaupindua chini ya jeki.

"Mkiuvunja," akasema, "pombe mtakamulia ndani ya hilo gari lenu."

Tulipomaliza nikaingia, hata kumwomba Mungu nikasahau. Magurudumu ya nyuma yakauma tope, pikapu ikachomoka, na wajumbe waliokuwa wakisukuma wakaanguka kifudifudi.

Kwenye kikao cha kijiji mwenyekiti akaniuliza mbele ya wote, "Gari limetolewa na matairi ya nani?" Nikaona nikitaja upande mmoja, upande wa pili utanikataa.

"Yaliyosukuma ni ya bondeni," nikasema. "Yaliyoshika njia ni ya mlimani."

"Na ulijuaje kuyapanga hivyo?"

"Sikujua, Mwenyekiti. Nilitaka kinyume chake, ila la mbele halikufikika."

Watu wakacheka sana. Mwenyekiti akawaambia, "Mnaona anavyojishusha?" Kikao kikafungwa. Nikaenda nyumbani na ufunguo wangu shingoni, na njia nzima sikuelewa kama nimewaambia ukweli au nimewadanganya.