Lebo za Uturuki

Pandu hakufukuzwa kwa uvivu, na atakayesema hivyo hamjui. Aliwasimamia mafundi wa Kangle, mtaa wa cherehani huko China, wanaoshona mabaibui ya bosi Haidar, na hakuna aliyewahi kurudisha nguo yake. Kilichomponza ni hasira.

Haidar alimwagiza mabaibui yote yabandikwe lebo za Uturuki. Kukataa kulikuwa haki yake. Angekataa chemba, huenda yangeishia huko. Lakini Pandu damu ilimchemka, akaingia kundi la WeChat la wateja, Dar na Unguja nzima wamo, akaachia sauti: "Bosi, mimi lebo za uongo sibandiki. Hii kazi ya Kangle!"

Jioni hiyo alifukuzwa kazi. Na kibali chake cha kukaa kilining'inia kwenye kazi hiyo, cha mkewe Lulu kikaning'inia kwenye chake. Lulu alikuwa na mimba ya miezi minane, daktari amemkataza ndege. Bila barua ya Haidar ya kumwachia, hakuna mwingine ambaye angeweza kumwajiri.

Alizunguka Tianxiu, jengo la wafanyabiashara wa Kiafrika, ofisi kwa ofisi. "Wewe si yule wa sauti?" waliuliza, kisha, "Meiyou, kaka, nafasi hakuna." Mdomo ukamkauka kwa kuomba.

Mwisho akarudi kwa Haidar, akapiga magoti. Mwanamume mzima!

"Bosi, nisitiri. Mke wangu atajifungulia wapi?"

"Umenivua nguo hadharani, nivishe hadharani. Sema kundini ulinisingizia. Barua nakuandikia sasa hivi."

Pandu akabonyeza simu. "Jamani, nilimsingizia bosi. Mabaibui ni ya Uturuki kweli. Nisameheni."

Bimkubwa, mteja wao mkubwa wa Unguja, akajibu: "Pandu, mwanangu, mimi nilikuwa nakuamini wewe." Hilo lilimchoma kuliko magoti.

Barua ilikuwa ya Kichina, ina muhuri mwekundu. Akaikimbiza nyumbani kama dawa. Lulu akaielekezea simu iitafsiri, akasoma polepole: "Amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu na kumchafulia mwajiri jina, kama alivyokiri mwenyewe kwa sauti yake."

Barua ile ndiyo angempelekea kila mwajiri mpya.

Lulu akaketi kitandani, mkono tumboni. "Mume wangu, umekiri nini?"

"Kwamba nilisema uongo."

"Ulisema uongo lini?"

"Leo," alisema Pandu, akalia.