Sababu ya Kuchelewa

Mimi ni karani wa masjala ya jiji, dirisha namba tatu, na msije mkanihurumia. Polisi wakishafunga jalada hutuletea sisi tulitunze ghalani, chini ya ofisi. Kwa hiyo mtu akitaka ripoti ya ajali, ya wizi au ya ugomvi na mwenye nyumba wake, anakuja kwangu. Lakini zamani hakuna aliyenifikia kabla ya kupita kwa Mama Nakala.

Alikaa kwenye baraza letu akiwapigia watu barua, na meza yake yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa boksi lililokunjwa chini, na taipureta nzito kama jiwe la kusagia. Jina tulimpa sisi makarani, kwa kejeli, maana kila mteja alimwambia hivyo hivyo: "Weka nakala, mwanangu. Hawa wa ndani wana mdomo mtamu na kumbukumbu fupi."

Kazi aliijua kuliko sisi. Mtu akija na barua ya "naomba taarifa zote zinazonihusu", aliichana mbele ya macho yake.

"Zote ndiyo nini? Ukiomba zote utapewa hewa! Tukio gani? Lini? Mbele ya duka gani? Namba ya jalada unayo? Huna? Haya, nani aliripoti?"

Hilo la mwisho aliliuliza mara mbili. Vitabu vyetu havifuati jina la aliyeumia, vinafuata jina la aliyekwenda kituoni kusema. Umeibiwa wewe, akaripoti shemeji yako, basi mtafute shemeji. Kisha aligonga nakala mbili: moja yetu, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa arudi nayo mteja. Kuanzia hapo tuna siku thelathini za kujibu, na tukikosa kitu lazima tuandike tumetafuta wapi. Siku zikipita alikuja dirishani mwenyewe. "Wanasema haraka haraka haina baraka. Ninyi haraka hamna, na baraka zenyewe sizioni." Tulicheka sana.

Mwanawe wa pekee, fundi baiskeli, aligongwa na lori kwenye njia panda ya sokoni, Jumanne moja asubuhi. Mama alikabidhiwa maiti na cheti cha kifo, basi. Dereva alifungwa, kesi ikaisha. Miezi michache baadaye mama yule akaja dirishani na ombi lake mwenyewe.

"Sitaki fidia, sitaki kumshtaki mtu," aliniambia. "Nataka kujua kitu kimoja. Alikufa peke yake, au palikuwa na mtu karibu yake? Basi."

Aliyeripoti hakumjua. Bila jina hilo kazi bado inawezekana, nisidanganye: unashuka ghalani, unashusha maboksi ya mwezi ule, unasoma karatasi moja moja. Ni vumbi na joto na mgongo. Sikushuka. Nikapiga muhuri, HALIKUPATIKANA. Akaniuliza nimetafuta wapi, kama sheria inavyotaka. Nikamjibu kwamba maji yaliingia ghalani yakaharibu majalada. Maji yaliingia kweli. Yalilowesha rafu moja ya chini, ya vibali vya kufuga mbwa.

Mwaka wa pili akaleta tena, mwezi ule ule, nami nikapiga muhuri ule ule. Akakata rufaa kwa mkuu wangu. Mkuu akairudisha barua mezani kwangu, imeandikwa "shughulikia". Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Mara kumi na moja aliomba yule mama, mara kumi na moja nikamrudisha, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo nikipita barazani, naye akaniitikia marahaba, mwanangu.

Macho yake yakaanza kuingia ukungu. Wateja wakapungua, yeye akaendelea. "Vidole vina macho yake," alisema. Mwaka wa kumi na mbili akaja akipapasa ukuta, akanipa ombi lake limekunjwa vizuri pamoja na nakala. Nikalifungua. Mstari wa kwanza, palipotakiwa kuwa na neno "Naomba", palikuwa na "Msp,ns". Ukurasa mzima ulikuwa hivyo mpaka chini. Alikuwa ameweka vidole kitufe kimoja pembeni, na hakuwa na habari.

"Kuna kosa?" akauliza.

"Hakuna, mama." Nikaligonga muhuri wa kupokelewa. Nilijiona mshenzi, na nilikuwa mshenzi. Nikachukua funguo, nikashuka.

Siku ya pili, mchana, nikalipata. Jalada kavu kabisa. Aliyeripoti ni muuza machungwa wa pale njia panda, na maelezo yake yaliandikwa hivi: *Nilikaa chini nikamwekea kichwa mapajani. Aliongea kama dakika ishirini. Aliomba maji, nikampa. Alisema mama yake anapiga barua kwenye baraza la ofisi ya jiji, aambiwe asimngoje kula. Naomba polisi wamwambie huyo mama.* Chini, alama ya dole gumba.

Kutoka kwenye kiti changu mpaka barazani ni hatua thelathini.

Nilikwenda sokoni kwanza. Nilitaka nimpelekee mama yule mtu pamoja na karatasi, labda nipunguze aibu. Wenzake wakaniambia bibi wa machungwa alizikwa mwaka jana.

Basi nikarudi barazani nikachuchumaa kando ya meza, nikamsomea. Akaniambia nirudie pale pa maji. Nikarudia. Akalia bila sauti, akapapasa mezani atafute kitambaa, akashika karatasi ya kaboni, akajifutia machozi nayo. Uso ukawa bluu. Nikamfuta kwa leso yangu, na yeye akaniacha nimfute.

"Huyo muuza machungwa yuko wapi? Nikamshukuru."

"Alifariki mwaka jana, mama."

"Jalada umelitafuta siku ngapi?"

"Mbili."

"Siku mbili," akasema. Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. "Haya, lete kitabu nisaini. Kazi ni kazi."

Kitabu cha kutolea nyaraka kina safu nne: tarehe ya ombi, tarehe ya kutolewa, sababu ya kuchelewa, saini. Akaniambia kwenye tarehe ya ombi niweke ya ombi la kwanza. Aliikumbuka, siku na mwezi na mwaka. Nikaandika. Nikahamia safu ya tatu, na mkono kwa mazoea ukaanza wenyewe kuandika "maji".

"Hapo pa kuchelewa unaandika nini?" akauliza. "Mimi sioni, lakini kalamu naisikia."

Nikakata nilichoandika. Nikaandika upya.

"Nisomee."

"Uvivu wa karani," nikasoma.

Akatikisa kichwa polepole kukubali, akapapasa mpaka akaipata safu ya nne, akasaini. Kisha akanyoosha mkono.

"Sasa nipe nakala."