Mkorosho wa Nasra

Semeni hakuwa mtu wa kupenda miti. Alipenda mpunga, alipenda ufuta, vitu vinavyolimwa, vikavunwa na mambo yakaisha. Mti mmoja tu duniani ndio uliomnyima usingizi, nao haukuwa wake. Ulikuwa wa binti yake, Nasra.

Mti wenyewe ni mkorosho, na ulikuwa kijijini Ngorongo, kando ya mto Rufiji, nyuma ya nyumba waliyoishi kabla ya mafuriko. Kitovu cha Nasra kilipokatika kilizikwa pale shinani, kama kawaida ya watu wa huko, na tangu alipoanza kutembea aliambiwa kuwa mti ule ni wake. Naye akauchukua kweli. Mabibo yake, matunda yale yanayobeba korosho, yalikuwa ya njano, makubwa, matamu, wala hayakabi koo kama mabibo ya watu wengine. Msichana aliyanyonya mpaka magauni yote yakaharibika kwa madoa yasiyotoka. Alichapwa kwa ajili ya madoa hayo, na kesho yake akarudi palepale.

Sasa Nasra yuko Maskati, anafanya kazi za ndani, na miaka imekwenda. Bibo si tunda la kutumiana. Korosho unaweza kuipeleka hata mwisho wa dunia, lakini bibo likichumwa asubuhi, jioni limeshaanza kuchacha. Linaliwa kwao au haliliwi. Kwa hiyo kila msimu ulipofika Nasra alipiga simu, na kabla hata ya kumsalimia baba yake aliuliza, "Mama, mabibo yameanza?"

Maji ya Rufiji yalipowahamisha, Semeni na mumewe Twalibu walihamia Kibiti. Katika vitu vichache alivyookoa Semeni, zilikuwamo korosho za mti ule, amezifunga kwenye pindo la khanga. Akazipanda karibu na jiko. Moja ikaota vizuri, akaipiga picha na kuituma. "Mti wako nimehama nao," alimwambia binti yake, na Nasra akalia kwa furaha.

Mti ulikua, ukachanua, ukazaa. Mabibo yakatoka mekundu, madogo, makali. Semeni alitafuna la kwanza akalitema palepale, akakaa chini kwenye mchanga. Alijisikia kama mtu aliyedanganywa na ndugu yake wa damu. Nasra alipopiga simu kuuliza swali lake, mama alijibu, "Bado mwanangu. Mwaka huu upepo umepukutisha maua." Msimu uliofuata akadanganya tena, na uongo ule ukamkaba kuliko bibo lenyewe.

Jirani yao alikuwa Marsela, bibi shamba, binti wa kutoka Kagera aliyepanga chumba nyumba ya pili. Jioni moja Semeni alimwonyesha ule mti. "Nilipanda korosho ya mti mtamu," alisema. "Tazama ulivyonigeuka."

"Haujakugeuka, mama Nasra. Korosho uliyopanda ni mtoto. Ule wa Ngorongo ni mama yake, lakini baba humjui. Nyuki na nzi walipita kwenye maua ya mikorosho ya majirani, wakabeba ungaunga wake miguuni, wakaja nao kwenye maua ya mti wako. Ndipo korosho ikatunga. Mtoto kachukua huku na huku."

"Kumbe mkorosho wangu ulikuwa unatoka nje ya ndoa."

Marsela alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndivyo ilivyo miti. Ukiutaka mti uleule, usichukue mtoto wake, chukua kiungo chake. Tawi ni mti wenyewe, halijachanganyika na mtu."

Semeni hakungoja asikie zaidi. Asubuhi alikuwa kwenye gari la Ikwiriri, na kutoka Ikwiriri akachukua bodaboda hadi Ngorongo. Akaukuta mkorosho umesimama katikati ya ufuta wa mtu mwingine, nusu yake imekauka kwa kukaa majini, matawi machache tu ndiyo yenye majani. Akakata fimbo, akajitwika mzigo mzima. Alipofika Kibiti alizichomeka ardhini, kimshazari, akazishindilia kwa kisigino kama alivyopanda muhogo tangu apate akili. Nani wa kumfundisha mwanamke wa Rufiji kupanda kijiti?

Zilikauka zote. Mchwa wakamaliza kazi. Marsela, aliyekuwa Maparoni kikazi, alirudi akazikuta zimejipanga pale kama uzio wa kuku.

"Mama Nasra, huu si muhogo," alisema, safari hii bila kucheka, maana aliona uso wa mwenzake. "Fimbo ya mkorosho ukiichomeka hivi haitoi mizizi. Lazima isimame kwa miguu ya mwenzake."

Miguu yenyewe ilikuwa ya ule mkorosho mwekundu. Ukatwe kiunoni, utoe machipukizi, ndipo machipukizi hayo yabebeshwe vikonyo, yaani ncha changa za matawi ya mti wa Ngorongo. Twalibu aliposikia alikuja juu. "Mti unaozaa ukatwe kwa ajili ya mti unaokufa? Na mwenye kuutaka yuko ng'ambo. Asiyekuwapo na lake halipo."

"La Nasra lipo," alisema Semeni, akaingia ndani kuchukua panga. Twalibu alimtazama akihangaika na lile shina, kisha akampokonya panga na kukata yeye, amenuna.

Wiki zile za kungojea machipukizi Semeni hakuwa na raha. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha, na kila zilipopiga usiku aliuona moyoni ule mti mwingine, maji yanaupanda tena. Walipokwenda Ngorongo yeye na Marsela walikuta umebaki na tawi moja lenye uhai. Marsela alichagua vikonyo, akavifunga kwenye kitambaa kibichi na kukiviringishia ganda la mgomba. Ndani ya gari Semeni aliukumbatia mzigo ule, wala hakumruhusu konda auguse.

Marsela alipasua kila chipukizi kichwani, akachonga kikonyo kama kabari, akakipachika, akafunga kwa nailoni na kukifunika kwa kifuko kitupu cha kugandishia barafu. Semeni alishika alichoambiwa ashike na kusoma kila dua aliyoijua. Vikonyo vingi vilikauka. Viwili vikashika. Habari zikaja baadaye kwamba mkorosho wa Ngorongo umeanguka, mwenye shamba ameuchoma mkaa.

Msimu wa pili baada ya hapo, mabibo yakatoka ya njano.

Semeni alichuma la kwanza na, kwa mara ya kwanza, akapiga yeye simu. "Mabibo yameanza," alisema.

Nasra alishusha sauti. "Kula, mama. Nikusikie."

Semeni akauma. Maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Utamu ulikuwa uleule, haukupungua hata chembe. Alidhani siku mti ukirudi hamu yake ya mwanawe ingepoa. Sasa mti umerudi mzima, na uani hapakuwa na mtu. Mkorosho alikuwa ameurudisha kwa kijiti. Nasra hana kijiti. Alitungwa mara moja, na Mungu hakuacha tawi la kukata.

"Mama? Si tamu?"

"Tamu," alisema Semeni. "Nasra, rudi nyumbani."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Miaka yote alimwambia vumilia, tafuta maisha, na kila alipokosa usingizi kwa ajili yake akausingizia mti.

Upande wa pili mwanamke aliita kwa Kiarabu. "Naitwa, mama," Nasra alinong'ona, lakini hakukata simu. Semeni alisikia bomba likifunguliwa na vyombo vikioshwa, na katikati ya vyombo pumzi za mwanawe aliyekuwa akilia asisikike.