Marko Haamini Mchanga

Watu wa Haneti wanamcheka Marko. Mto ukikauka ukabaki mchanga mtupu, wenzake huteremka katikati kuchimba maji, na yeye husimama ukingoni akiwaita watoke, hata mbingu ikiwa safi kabisa. Mwanamume mzima, wanasema, anaogopa mto usio na maji.

Wasingecheka kama wangekuwa naye pwani mwaka ule wa ukame.

Malisho yalikwisha, ng'ombe wakabaki mifupa, ikabidi kuhama. Mama yake alimshika mkono akamkabidhi Stanley, kitinda mimba wake. "Ng'ombe wakifa, wamekufa," alimwambia. "Huyu unirudishie."

Wakashuka na kundi mpaka baharini. Asubuhi ya kwanza maji yalikuwa yamekupwa, wakaukuta mchanga umetanda mpaka macho yanachoka, na ng'ombe wakaukimbilia wenyewe kuulamba kwa ajili ya chumvi. Marko alifanya alivyofundishwa na baba yake: alitazama juu. Hakuna wingu. Kwao mto haujai mvua isiponyesha milimani. Akamwambia Stanley awafuate tu, yeye akabaki kukoroga uji.

Alipoinua macho, mchanga ulikuwa unametameta. Maji yalikuwa yameingia kimyakimya, tena si kutokea mbele. Yalijaza kwanza bonde lililokuwa kati yake na mdogo wake. Stanley alikuwa ng'ambo, juu ya tuta, ameduwaa. Kisha akakimbia, maji yakamfika kiunoni, akarudi nyuma. Hakujua kuogelea, wala Marko hakujua.

Marko alijitosa hadi kifuani, mchanga ukamponyoka miguuni, akatoka anatapika maji ya chumvi. Tuta lilizidi kupungua. Kilichobaki ni mluzi, ule wa kuwaita ng'ombe zizini jioni. Akakunja midomo, ikatoka pumzi tupu. Midomo ilikuwa imekauka kwa chumvi. Alijipiga kofi mwenyewe kwa hasira, akailamba, akajaribu tena. Pumzi. Akamkumbuka mama yake, akakaribia kulia.

Mara iliyofuata mluzi ulitoka, mwembamba. Jike jeusi, kiongozi wa kundi, lililokuwa kando ya Stanley, likainua kichwa. Likaingia majini.

"Stanley, shika mkia!"

Kwa kitambo Marko aliona pembe tu. Hakuona kichwa cha mtu. Aliendelea kupiga mluzi mpaka jike likakanyaga chini, na nyuma yake akaburutwa Stanley, ameushika mkia kwa mikono yote miwili, amefumba macho.

Ng'ombe wengine hawakutoka. Marko hakuhesabu ni wangapi. Alimrudisha mdogo wake nyumbani, akamkabidhi kwa mama bila maelezo mengi.

Tangu hapo haitazami mbingu. Akisimama ukingoni hutazama mchanga wenyewe, na asipouelewa huita. Wote hucheka, isipokuwa mmoja. Stanley akisikia anaitwa hupanda ukingoni upesi, hata kama ndoo yake haijafika nusu.