Mama Alipoacha Kuwa Serikali

Mama alikuwa msichana nchi ilipopata uhuru, lakini hadithi aliyoipenda zaidi ilikuwa ya mwaka uliofuata, tulipoachana na malkia wa Uingereza tukawa jamhuri. "Jamhuri," alizoea kutuambia, "ni pale mkubwa wako anapokuwa mtu mliyemchagua wenyewe." Basi alipochaguliwa balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa majirani, kule Temeke, aliamini kabisa kwamba serikali ni yeye. Ugomvi wa mke na mume, kuku aliyepotea, mpangaji mlevi, yote yaliletwa barazani kwetu, na sukari yetu ikaishia hapohapo kwenye chai zao.

Kisha katiba ikabadilishwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Jirani yetu, fundi cherehani, akapandisha bendera ya chama kipya, akatangaza mtaa mzima usikie kwamba balozi ni mtu wa chama tawala tu, si serikali. Nilikuwa nafundisha uraia sekondari, nilijua anasema kweli, na bado nilitamani kumzaba kibao.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo mie nilikuwa nani?" mama aliniuliza.

Haukupita muda, maji machafu ya nyumba ya nyuma yakaanza kutiririka hadi mlangoni kwa fundi. Wakashikana mashati na mwenye nyumba ile. Fundi akaenda kushtaki ofisini kwenye kata, na karani, kwa mazoea tu, akamuuliza, "Umeshapitia kwa balozi wako?" Akarudishwa.

Alikuja kwetu amenywea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si ulisema mie mtu wa chama tu?"

"Ndivyo, mama. Ila wamenirudisha."

Nilicheka mpaka mama akanikata jicho. Alijitanda khanga, akaenda, akawasikiliza wote wawili, akaonyesha mfereji upite wapi. Wakaridhika. Nikajua ameshakirudia kiti chake. Kumbe majirani walipoanza kutawanyika aliwazuia.

"Fundi hakukosea," alisema. "Mtu asiwe analazimishwa kuja kwangu. Tuchague mwenyekiti wetu sote, wenye chama na wasio na chama."

Walinyoosha mikono palepale. Mama aligombea, naye fundi akagombea. Mama alikuwa na hakika ya kushinda. Hata mie nilikuwa nayo. Akashinda fundi.

Aliporudi ndani alilia, tena kwa sauti, nami nikawachukia majirani wote, hasa wale waliomaliza sukari yetu.

Asubuhi tukapata mgeni kutoka bara, mtoto wa mjomba. Kwa desturi ya mtaani, mgeni akifika lazima kiongozi aarifiwe. Mama hakumwacha hata anywe chai. Alimshika mkono hadi kwa fundi, akasimama mbele ya cherehani, macho yake bado mekundu.

"Mwenyekiti," alisema, "nimepata mgeni. Nimekuja kukuarifu."