Fridolin na Mbio za Baa Tatu

Watu wa Lipangalala wanasema kaka yangu Fridolin alikuwa anaikimbilia pombe. Waseme. Mimi nimekula naye sahani moja, kwa hiyo naandika ninachokijua.

Alikuwa anaendesha mashine ya kukoboa mpunga. Daktari alipomwonya kuhusu presha, akatafuta wanaume wa kukimbia nao. Wa kanisani kila mmoja alikuwa na udhuru. Akawafuata wengine waliko, baa. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi walianzia baa ya kwanza, wakapitia ya pili, wakaishia ya tatu kunywa supu, na anayetaka bia hakukatazwa. Hawakuwa na katiba wala kiongozi. Sheria ilikuwa moja tu, na aliiweka Fridolin: aliye mzito kuliko wote atangulie, na asiwepo wa kumpita. Mzito alikuwa Joachim, muuza nyama, kilo mia na ishirini. Miaka miwili mji ulizoea kuona wanaume ishirini wakijikokota nyuma ya mgongo wa Joachim huku wakiimba.

Saa hiyohiyo ndiyo ya sala ya jumuiya yetu ya kanisa, inayozunguka nyumba kwa nyumba. Misa ya Jumapili Fridolin hakukosa. Jumuiya alikosa.

Mwezi wa nane kiharusi kilimwangusha palepale mashineni. Jumuiya haikuja kuimba msibani. Waliochimba kaburi na kubeba jeneza ni hao mnaowaita walevi.

Ikafika Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Mwenyekiti wetu, Mama Apolonia, husoma majina ya wafu wa jumuiya, na la Fridolin hakuliweka. Mimi nilikuwa katibu wake. Nilimwomba mara mbili. Akanijibu kwamba orodha ni ya walioshiriki.

Jumamosi iliyofuata zamu ilikuwa kwangu. Nikamwambia Joachim siku hiyo mbio zianzie nyumbani kwangu, baada ya sala.

Walifika kumi na tisa, kaptula na raba, wawili watatu wakinuka bia ya jana. Sitawasafisha kwa maneno. Mama Apolonia aliwakuta wamekaa mkekani.

"Emerensiana, umeleta watu wa baa kwenye sala, tena na kaptula?"

"Shikamoo mama. Kwenye sala tunafumba macho. Ukifumba, hutaziona."

Mtu wa nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

Ulipofika wakati wa maombi, Joachim alisimama. Sijui kama aliwahi kusali kwa sauti mbele za watu.

"Namwombea Fridolin," alisema. "Nilikuwa siwezi kutembea hata mpaka sokoni. Hakunicheka hata siku moja. Ee Bwana..." Hapo akakwama.

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wanawake wa jumuiya, karibu wote.

Mama Apolonia hakuitikia. Alitoa karatasi yake, akasoma majina kumi na moja, akaikunja. Nikasimama, nikataja la kumi na mbili. Akaniambia kwamba kwa utovu huo wa adabu ukatibu nitavuliwa.

"Nivueni, mama. Jina nimeshamtajia Mungu."

Sala ilipokwisha nilifunga kitenge juu ya suruali ya mazoezi, nikatoka nao. Katika miaka yangu yote arobaini na sita sikuwa nimeingia baa. Ya kwanza viti vilikuwa bado vimepinduliwa juu ya meza na binti mmoja anadeki. Alinipa maji, akanipa na pole ya msiba. Kabla ya kufika ya pili magoti yalikuwa yananiuma, lakini Joachim alikuwa mbele, na mwendo wa Joachim hata mama mzima anauweza. Ya tatu supu ililetwa ikifuka moshi, na wanaume kumi na tisa hawakugusa vijiko. Walikuwa wananisubiri nibariki chakula. Nikasali kwa kifupi, maana walikuwa na njaa, nikamtaja Fridolin tena.

Ukatibu walinivua Jumapili ile. Jumamosi inayokuja zamu ni kwa Agnella, na yeye amenitumia ujumbe: niende na watu wangu wote, ila nimpe idadi mapema kwa ajili ya chai. Mama Apolonia haitikii shikamoo yangu mpaka leo. Mimi ninampa kila nikimwona. Yeye ni mkubwa wangu. Lakini zamu ya maombi ikinifikia, nitasema Fridolin, na nitasema kwa sauti.