Matanga ya Wapiga Gitaa

Mume wangu ana ibada yake ya asubuhi. Kabla hata ya chai hufungua simu asome yaliyotokea siku kama ya leo katika historia ya muziki wa roki: bendi gani ilisambaratika, nani alivunja gitaa jukwaani, nani alifariki. Kisha huchagua santuri inayolingana na tukio na kuiweka kwa sauti ambayo majirani zetu hapa Harrow, ughaibuni, tunaogawana nao ukuta, wameshachoka kuilalamikia.

Mimi ni nesi wa zamu ya usiku. Anapoanza maadhimisho yake, ndiyo kwanza navua viatu. Nilimbembeleza, nikanuna, nikaziba masikio kwa pamba. Alikuwa akipunguza sauti, halafu gitaa likikolea anasahau. Siku moja kazini nilisinzia nimesimama, chati ya mgonjwa mkononi, na hapo niliogopa kweli.

Ndipo mama yake akaja kututembelea kutoka Mombasa. Asubuhi ya kwanza, mimi nikiwa ndiyo naingia, alimkuta mwanawe anapangusa santuri, uso ameuinamisha. Akamwuliza kulikoni. Mume wangu akamweleza, kwa huzuni ya dhati, kwamba siku kama ya leo alikufa mpiga gitaa asiyekuwa na mfano.

Mama akajitanda leso yake vizuri, akaenda kuchomoa waya wa mashine ya santuri ukutani.

"Nyumba ina msiba, nawe wapiga muziki?"

Mume wangu akajitetea kwamba mtu mwenyewe alikufa kabla yeye hajazaliwa. Mama akasema hilo ndilo baya zaidi, maana hata matanga yake hakuyakaa. Kwao msiba ukiingia redio huzimwa mpaka matanga yaanuliwe, na matanga ni siku tatu. Mimi nikapanda juu nikalala fofofo.

Matanga yalipokaribia kwisha, simu ikaleta mpiga ngoma. Akafuata mwimbaji, kisha mpiga besi. Sikujua kwamba watu wa roki hufa namna ile. Kila asubuhi mama aliuliza nani katutoka leo, kwa sauti ya upole mno, hata nikaanza kumshuku. Nikimtazama, yeye anatazama kikombe chake.

Lakini mume wangu naye si mjinga. Asubuhi moja alishuka ngazi anatabasamu, santuri kwapani.

"Leo hakufa mtu, mama. Siku kama ya leo alizaliwa mwimbaji wangu."

Usiku ule nilikuwa na zamu nyingine, naye alikuwa ameshafunua mfuniko wa mashine.

Mama alifurahi sana. Alimshukuru Mungu kwa niaba ya mzazi, akauliza kama mtoto ni wa kiume. Akajibiwa ni wa kiume. Akaufunika mfuniko taratibu.

"Mtoto mchanga hashtuliwi, mwanangu. Ngoja arubaini yake itimie."

Mume wangu alibaki amesimama na santuri yake, akihesabu siku, nadhani. Mama akanigeukia, akaniambia kitanda ameshanitandikia na pazia ameshalishusha, nikalale. Hapo nikajua kwamba tangu asubuhi ile ya kwanza alikuwa ameyaona macho yangu mekundu, na nikampenda, nikapanda juu kulala.